Idara ya Maneno ya Bluu

Iko nchi moja inaitwa Ushwari. Ukiona inafanana na nchi yako, kosa ni la nchi yako, sisi hatumo. Ushwari ni nchi ya amani, na dalili ya amani hiyo ni kwamba kila mtu anamwangalia mwenzake.

Kiongozi wake anaitwa Mlezi wa Taifa. Alianza lini, hakuna anayekumbuka, na kuuliza si adabu. Mlezi hupenda kusema, na kila akisema hotuba yake huwekwa kwenye Dirisha la Taifa. Dirisha ndicho kivinjari cha serikali, na ndicho pekee kinachoruhusiwa kwenye kompyuta za Ushwari. Ukitaka bei ya saruji, unafungua Dirisha, unakutana na hotuba. Ukitaka kujua treni inaondoka saa ngapi, hotuba kwanza. Wananchi wamezoea. Wanapita kwenye hotuba kama mtu anavyopita nje ya msiba wa asiyemjua: anapunguza mwendo kidogo, anainamisha kichwa, anaendelea na safari yake.

Sasa, kila kivinjari duniani kina tabia moja ambayo watu hawaifikirii. Ukibonyeza mausi ukaiburuta juu ya maneno, maneno yanageuka bluu. Maana yake umeyashika, unaweza kuyakopi ukayapeleka unakotaka. Nchi nyingine jambo hili halimkoseshi mtu usingizi. Ushwari lilimkosesha usingizi Waziri wa Usomaji Sahihi, Mheshimiwa Daktari Luteni Mstaafu Pazi Kilemba, mpaka siku moja akasimama bungeni na kuuliza swali ambalo mawaziri wote kabla yake walilikwepa.

"Huyu mwananchi," alisema, "katika maneno yote ya Mtukufu Mlezi, kwa nini ashike haya aache yale? Hayo aliyoyaacha yana kasoro gani?"

Bunge zima lilipiga meza kwa uchungu. Mbunge mmoja alilia waziwazi, na mwaka huohuo akapewa unaibu waziri.

Ndivyo ilivyozaliwa Idara ya Bluu, na humo ndimo alimofanya kazi Vuai Mcha, Mkaguzi wa Bluu Daraja la Pili. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kioo cha kompyuta na kutazama wananchi wa mitaa ya kusini wanapaka nini bluu. Majina hakuyaona. Aliona namba ya mashine na mtaa tu, kwa sababu Ushwari inaheshimu sana siri ya mwananchi na jina lake hulitaja baada ya kumkamata.

Kazi hii ilimpata mwenyewe. Vuai alikuwa mtu wa kutilia shaka tangu utotoni. Ukimwambia hujambo, alikutazama kwanza ajue hilo jambo unalitakia nini. Muuza mkate akimchekea, anahamia kwa mwingine. Shati lake lilifungwa vifungo mpaka kooni hata wakati wa joto, maana hakuna anayejua nani anatazama kifua cha nani na kwa madhumuni gani. Akiona kwenye kioo mtu wa Mtaa wa Gongoni kapaka bluu neno "njaa", anajiuliza: njaa ya nani hii? Amejuaje?

Kuna mwalimu mmoja alipaka bluu maneno "amani na", akaishia hapo. "Utulivu" akauacha nje. Alipoletwa mbele ya Vuai alilia kwamba mausi yake ni mbovu, inakwama.

"Mausi haina siasa," Vuai akamwambia. Mwalimu akaenda zake ndani, na sentensi ile ya Vuai ikabandikwa ukutani pale Idarani.

Hebu tuingie humo ofisini kidogo. Meza zilipangwa kwa mstari mmoja, kila mkaguzi anautazama mgongo wa mwenzake. Sababu ilikuwa ya kitaalamu. Mkaguzi akiripoti maneno aliyoyapaka mwananchi, lazima ayataje, na kuyataja ni kuyapaka bluu, kuyakopi na kuyapesti kwenye ripoti. Basi naye kayashika! Kwa hiyo nyuma ya Vuai alikaa Bi Tabu Ndaro, akikagua bluu ya Vuai. Nyuma ya Tabu alikaa mwingine anayemkagua Tabu, na mwingine nyuma yake, mstari ukapita mlangoni ukaingia chumba cha Mkurugenzi, Bwana Kibwana Makuka. Mgongo wa Makuka ulitazamwa na Waziri. Nyuma ya Waziri palikuwa na ukuta, na ukutani picha ya Mlezi.

Tena palikuwa na jambo moja dogo ambalo wote walilisahau. Waziri Pazi, ili kumfurahisha Mlezi, aliwahi kuamuru pembe ya juu ya Dirisha iandikwe kwa herufi kubwa: MANENO YALIYOPENDWA ZAIDI NA TAIFA. Hapo mashine yenyewe huweka maneno ambayo watu wameyakopi zaidi. Siku zote hapo palikaa "Asante Mlezi", kwa sababu wafanyakazi wote wa serikali hulazimishwa kuyakopi kila asubuhi kabla ya chai.

Haya. Siku moja Vuai akaona kitu kwenye kioo chake.

Kuna mtu Mtaa wa Chumvini, kila siku baada ya alasiri, anafungua hotuba ya Mlezi na kuipaka bluu mstari kwa mstari. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, polepole, mpaka mwisho. Hakopi kitu. Akimaliza anafunga, kesho anafungua nyingine.

Vuai akasogelea kioo. Wapaka bluu wa kawaida aliwazoea: anaruka mtu, ananyakua namba ya simu, anakimbia. Lakini mtu anayesoma hotuba yote? Ushwari hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Hata mwandishi wa hotuba, inasemekana, huishia katikati na kumwachia mpigachapa.

"Anatafuta nini?" akamuuliza Tabu bila kugeuka. Kugeuka kuliruhusiwa kwa kibali.

"Labda anapenda," Tabu akasema.

Kila mmoja akabaki akijiuliza mwenzake alikuwa na maana gani.

Vuai akaitafuta namba ya mashine. Kumbukumbu zikasema mashine hiyo ilikuwa mali ya Idara yenyewe, ikachakaa, ikateketezwa kwa moto mbele ya mashahidi. Basi serikali inasomwa na mashine marehemu! Ukweli ni kwamba siku ya kuteketeza, yaliyochomwa yalikuwa makasha. Kompyuta zenyewe kila ofisa aliondoka na yake chini ya kanga. Vuai naye alibeba moja, akampelekea mama yake, Bi Mboja, anayekaa hukohuko Chumvini. Lakini hakumfikiria hata chembe. Alimshuku fundi cherehani, akamshuku muadhini, akamshuku mtu mmoja anayefuga njiwa wengi kuliko anavyohitaji. Mama yake alimwambia kompyuta kaifunika kitambaa cha kudarizi na juu yake kaweka ua la plastiki, na mtu hamshuku mama aliyeweka ua la plastiki.

Kisha mambo yakachafuka. Mkono ule wa Chumvini ulifika kwenye hotuba ya Siku ya Alizeti, hotuba ndefu kuliko zote, na ndani kabisa, katikati ya habari za mbegu na mashudu, ukasimama. Ukapaka bluu sentensi moja. Ukaiacha. Ukarudi, ukaipaka tena. Kesho yake haukusoma kingine, ulikwenda moja kwa moja pale. Keshokutwa vilevile.

Sentensi yenyewe ilisema: "Mimi si king'ang'anizi, nitaondoka siku mtakaponiambia niondoke."

Vuai aliisoma akatazama huku na huku. Mlezi alisema hivi? Alisema! Iko pale, na muhuri juu yake. Alisimama juani Siku ya Alizeti akasema, watu wakapiga makofi, kwa sababu Ushwari watu hupiga makofi kila Mlezi akivuta pumzi. Hakuna aliyesikia. Na sasa kuna mtu Chumvini kasikia.

Akaipaka bluu, akaikopi, akaipesti kwenye ripoti, akaongeza chini: kiongozi wa kikundi, ni hatari, ana subira.

Nyuma yake Tabu akaripoti kwamba Vuai kaikopi. Wa nyuma ya Tabu akaripoti kwamba Tabu kaikopi. Ikapanda mstari wote, ikapita mlangoni, na saa ya chai ikawa mezani kwa Waziri.

Waziri Pazi akaitisha kikao cha dharura cha Kamati ya Taifa ya Ushikaji wa Maneno. Mada: mwananchi ashike vipi?

"Kosa letu," Waziri akaanza, "ni kumwachia mwananchi aanze anapotaka na aishie anapotaka. Huo ni uhuni! Ukienda buchani unaanza ng'ombe unapotaka?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi Makuka, kisha akauona uso wa Waziri. "Hapana, Mheshimiwa."

Fundi wa Dirisha akaitwa aeleze. Akasema ukibonyeza mara mbili upesiupesi unashika neno zima, ukibonyeza mara tatu unashika aya nzima.

"Mara mbili upesiupesi!" Waziri akang'aka. "Haraka ya nini? Mtu mwenye nia njema ana haraka gani?"

Wakakubaliana kwamba tangu asubuhi ya pili, mwananchi akigusa neno moja tu, hotuba nzima igeuke bluu pamoja na wimbo wa taifa. Mjumbe mmoja akauliza: je, mgonjwa anayetaka kukopi namba ya simu ya hospitali?

"Hospitali ni nani," Waziri akajibu, "mpaka ipigiwe simu bila hotuba?"

Utaratibu huo ulidumu mpaka adhuhuri. Bibi harusi mmoja alikopi anwani ya ukumbi kwa ajili ya kadi zake za mwaliko, na wageni wakapata kadi yenye hotuba ya Siku ya Alizeti, ukumbi haumo. Walikwenda shambani kwenye alizeti, wamevaa vizuri, wakasubiri pilau. Hilo halikuisumbua serikali. Lililoisumbua ni kwamba wakaguzi nao, kila wakitaka kuripoti neno, ripoti inabeba hotuba nzima, na kufikia saa sita mashine za Idara zilikuwa zinatoa moshi. Waziri akatangaza kwamba majaribio yamefanikiwa sana na kwa hiyo yamesitishwa.

"Tuwaache washike wanavyotaka," akasema kwa hekima, "ili tuwaone. Lakini huyu wa Chumvini nataka awe mfano. Akipatikana, aende kwenye Darasa la Kusoma Mikono Nyuma, na asirudi mpaka azeeke."

Makuka akamwita Vuai. "Mashine yake kwenye kumbukumbu iliteketea, haina mwenyewe. Wewe una kipaji, usome mkono wake. Nataka jina."

Alasiri ilipofika Vuai akakaa mbele ya kioo, vidole vimeshikana. Mkono wa Chumvini ukaanza. Siku zote alikuwa akitazama maneno gani yamepakwa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alitazama yanavyopakwa.

Bluu ilitambaa taratibu. Ikifika kwenye mkato inapumzika. Ikifika mwisho wa mstari haishuki mara moja. Inarudi nyuma kidogo, inalichukua neno la mwisho kwa mara ya pili, ndipo inashuka.

Vuai akaujua mkono ule.

Bi Mboja alifundisha watoto wa mtaa kusoma Kurani kwenye baraza yake, miaka mingi, kila mtoto na kijiti chake cha kufuatia mstari. Na alikuwa na mtindo wake, hata walimu wengine walimcheka nao: mtoto akifika mwisho wa mstari hamwachii ashuke. "Rudi kalichukue la mwisho," anamwambia, "usiliache peke yake." Vuai alisomea palepale, mbele ya magoti yake. Kila akiharakisha, kijiti cha mama kinamgonga ukucha. Alikuwa mtu mzima sasa, na bado akisoma gazeti jicho lake hurudi kulichukua neno la mwisho.

"Vuai," Tabu akaita kutoka nyuma. "Mbona umeganda? Umemjua?"

"Hapana. Huyu mausi yake mbovu. Inakwama."

Tabu akaujibu ule mgongo. "Mausi haina siasa," akasema. "Si wewe uliyesema?"

Vuai akachukua koti lake akatoka.

Chumvini alimkuta Bi Mboja kwenye kiti, kompyuta mbele yake, ua la plastiki limewekwa sakafuni kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umetoka jasho hivyo? Fungua basi hata kifungo kimoja."

Hakufungua. Akatazama mlango wa uani, akatazama chini ya kitanda. "Mama, nani anakuja hapa?"

"Wewe. Na siku hizi huji."

"Nani kakufundisha hii kompyuta?"

"Kanifundisha nani? Nimebonyeza, imewaka. Vuai, una homa?"

Akavuta kigoda akakaa, akashusha sauti. "Mama, unasoma hotuba za Mlezi. Kila siku. Zote. Unatafuta nini humo?"

Bi Mboja akamtazama mwanawe kama aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Nakutafuta wewe," akasema.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Vuai alipopata kazi, mama yake alimuuliza anafanya nini huko serikalini. Sasa mtu utamwambia nini mama yako? Kwamba nawachungulia watu wanaposoma? Ulimi wake ukateleza wenyewe, akasema: naandika, mama. Yale maneno ya Mlezi kwenye Dirisha, mengine ninaandika mimi. Bi Mboja alilia kwa furaha siku ile, akagawa kaimati mtaa mzima.

"Si uliniambia mengine yako?" aliendelea sasa. "Hukuniambia yapi. Nikasema nitayatafuta mwenyewe, mkono wa mwanangu nitaujua. Wallahi mengi yamenishinda. Yanazunguka, yanazunguka, ukifika mwisho hujui ulianzia wapi. Nikasema haya si ya Vuai, mimi mtoto wangu sikumfundisha kusema hivi. Mpaka nikafika hapa." Akaishika mausi, akaipitisha pale, bluu ikatambaa. "Hebu soma! Mkiniambia niondoke, nitaondoka. Basi. Mtu mzima kasema neno la mtu mzima. Nikasema hili hapa, hili la mwanangu! Ndiyo kila siku napita nakuamkia. Kwani si lako?"

Vuai aliutazama ule mstari wa bluu. Aliwahi kuwatoa watu machozi kwa maswali yake, na sasa zamu ya kuulizwa ilikuwa yake.

"Langu, mama," akasema.

"Mimi nilijua!" Bi Mboja akapiga kofi la paja. "Nilijua tu!"

Akamwambia mama, usilisome tena. Bi Mboja akamuuliza kwa nini asimsome mwanawe. Vuai akaichomoa mausi, akasema mbovu hii, naipeleka kwa fundi, akaitia mfukoni mwa koti na mkia wake unaning'inia.

"Nenda nayo," Bi Mboja akamwambia. "Kwani kijiti changu kiko wapi? Kijiti hakiendi kwa fundi."

Vuai aliondoka akiamini kwamba mambo yamezimika. Ripoti itakaa, itapigwa muhuri wa Bluu ya Kikazi unaowasamehe wakaguzi, itasahaulika. Masikini, hakuijua vizuri ofisi yake.

Asubuhi, Ushwari yote ilifungua Dirisha ikakuta "Asante Mlezi" haipo. Pale juu, kwa herufi kubwa, MANENO YALIYOPENDWA ZAIDI NA TAIFA, chini yake: Mimi si king'ang'anizi, nitaondoka siku mtakaponiambia niondoke.

Si wananchi walioyapandisha. Ni Idara. Vuai aliyakopi mara moja, Tabu akayakopi kumshtaki Vuai, mstari mzima ukayakopi kushtakiana. Makuka aliyapeleka wilaya zote akionya yasikopiwe, na kila wilaya ikayakopi kujibu kwamba imesikia. Walipoyaona juu ya Dirisha, Waziri akaandika amri kali yaondolewe, lakini amri lazima itaje ni maneno gani, akayakopi. Ofisi zote zikakiri kuipokea amri, pamoja na maneno yenyewe. Kila walivyoyakataza ndivyo yalivyozidi kukaa juu.

Wananchi wa Ushwari ni watu wa utii. Walipoyaona pale walidhani ni kampeni ya serikali. Shule zikayaimba mstarini. Mtu mmoja akayachapa kwenye kanga, zikaisha sokoni kabla ya jua kuwa kali. Mlezi mwenyewe alipotoka kwenda kufungua choo cha stendi, alipokelewa na umati unaomwimbia kwa mapenzi makubwa maneno yake mwenyewe.

"Nimesema lini mimi hayo?" akamuuliza Waziri kwenye gari.

"Siku ya Alizeti, Mtukufu."

Mlezi akamgeukia Waziri mlangoni pa ikulu. "Tafuta aliyeanza," akasema.

Mashine ikaulizwa: nani wa kwanza kuyakopi? Bi Mboja alipaka tu, maisha yake hajawahi kukopi neno. Mashine ikajibu: Vuai Mcha, Mkaguzi wa Bluu Daraja la Pili.

Wakamsimamisha mbele ya Makuka. Makuka hakuwa na hasira, alikuwa na haraka, maana mgongo wake ulikuwa unatazamwa. "Vuai, kijana wangu, tunajua ulikuwa kazini. Wewe uliripoti tu. Huyu wa Chumvini ndiye tunayemtaka. Tupe jina, ukanywe chai."

Jina lilikuwa mdomoni mwake, jepesi kabisa. Akilini alimwona mama yake kwenye Darasa la Kusoma Mikono Nyuma, mikono ile imefungwa kamba.

"Hakuna mtu Chumvini," akasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyapaka mimi. Niliyapenda."

Makuka akamkodolea macho. Ushwari hata ukikiri unatiliwa shaka. "Unamficha nani wewe?"

"Ni yeye." Ilikuwa sauti ya Tabu Ndaro, mlangoni. "Mimi nakaa nyuma yake kila siku, Mkurugenzi. Bluu yake naijua. Ni yeye."

Vuai akamgeukia, bila kibali. Tabu akawa anatazama ukutani, pale palipobandikwa sentensi ya mausi. Alikuwa anamwokoa au anamzamisha? Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Vuai hakuuliza.

Wakampekua. Mfukoni mwa koti wakakuta mausi, na mkia wake. Makuka akashusha pumzi, akampigia Waziri kwamba wamemkamata mtu pamoja na silaha.

Kilichobaki ni upekuzi wa kawaida nyumbani kwa wazazi wa mtuhumiwa. Askari wawili walifika Chumvini alasiri. Wakaona kompyuta juu ya meza, wakaikagua nyuma na mbele. Haina mausi. Wakakubaliana kwamba kompyuta isiyo na mausi haiwezi kumdhuru mtu.

"Mama," askari mkubwa akasema, na alikuwa amevua kofia, "tumekuja kukujulisha kwamba mwanao Vuai tunaye. Yale maneno yaliyoko juu ya Dirisha imethibitika ni yake. Amekiri mwenyewe."

Bi Mboja alisimama. Akashika meza. Machozi yalimtoka, na hakuna aliyejua ni ya nini, labda hata yeye.

"Imethibitika?" akauliza. "Serikali imethibitisha?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilisema!" Akatoa kichwa dirishani, dirisha la mbao, akawaita majirani: "Jamani, njooni msikie! Lile neno ni la mwanangu, serikali imekuja yenyewe kusema!" Kisha akawageukia askari. "Mtamrudisha lini?"

Askari mkubwa akasema hilo si lake, liko kwa wakubwa. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, kila mmoja anamtazama mwenzake kama ilivyo desturi.

Bi Mboja akajifuta uso kwa upande wa kanga. Akachukua kijiti chake, akakiweka kwenye kioo kilichokuwa kimewaka, mwanzo wa mstari ule, akausoma kwa sauti yake ya chuoni. Kwenye mkato akapumzika. Alipofika mwisho akarudi nyuma, akalichukua neno la mwisho. Kule Idarani, kwenye kioo cha mitaa ya kusini, hakukuonekana kitu.

"Sasa nyie wanangu," akawaambia askari, "huyu mtu mwenyewe kasema aambiwe. Nyie mnaofika kwake, kuna aliyemwambia?"

Askari mkubwa akamtazama mdogo. Mdogo akatazama buti zake. Nje mlangoni mtu mmoja alikohoa, halafu mwingine.

Bi Mboja akarudisha kijiti mwanzo wa mstari, akawaambia wote wasogee karibu, wasome pamoja.